Mwenye Nyumba na Mwenye Wimbo

Wazee wa Unguja wanayo hadithi waliyoipokea kwa wazee wao, ya kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, alitamani kusikia katika kasri lake muziki kama ule uliokuwa ukisikika katika majumba ya wakubwa wa Misri, akaagiza wapiga ala kutoka huko waje kumburudisha. Kisha, asiridhike na burudani ya kuazima, akamtuma Cairo mtu wake mmoja, jina lake Mohamed Ibrahim, akajifunze kuipiga kanuni, naye aliporejea akawafundisha wenziwe, na hapo ndipo taarabu ilipopata kiti chake cha kwanza kisiwani. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi, kwa watu wa rika na madaraja mbalimbali, wala sikupata kumsikia hata mmoja akiianza kwa mpiga kanuni. Wote huanza kwa Sultani. Mwenye nyumba hutajwa kwanza na mwenye wimbo hufuata nyuma, kama kwamba sauti ni shehena iliyoingia nchini kwa hati ya forodha pamoja na vioo, mazulia na saa za ukutani. Nimeiandika sura hii kwa sababu naamini kwamba mpango huo wa masimulizi umepinduka, na kwamba taarabu, ambayo imepata kukaa katika nyumba ya mfalme, ya chama, ya serikali na ya wafadhili, haikupata kumilikiwa barabara na hata mmoja wao.

Sisemi kwamba nyumba haina maana. Barghash alikuwa mtu aliyejua kuwa utawala huonekana kwa macho kabla ya kutiiwa kwa moyo. Katika ujana wake alishindana na nduguye Majid juu ya kiti, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, na huko akaona namna enzi inavyojengwa kwa mawe na chuma; basi alipokishika kiti yeye mwenyewe alileta maji ya mfereji mjini, akaweka mtambo wa kupiga chapa uliotoa vitabu vya dini vya madhehebu ya Ibadhi, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, jumba la nguzo za chuma na roshani pana zilizoikabili bahari, ili kila nahodha aingiaye bandarini alione hilo kabla ya kuona kitu kingine. Muziki wa kasri ulikuwa na kazi ile ile ya nguzo. Neno tarab katika Kiarabu ni ule mtaharuki wa moyo unaompata msikilizaji hata akajisahau; lakini ni nani athubutuye kujisahau mbele ya mfalme? Wageni walisikiliza huku kila mmoja akijua amekalishwa wapi, nani yu karibu zaidi na mwenyeji, na nani hakualikwa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, lugha ambayo watu wengi wa mji ule waliijua kwa sala na kisomo tu, na walichokipata wao ni sauti iliyovuka ukuta ikawafikia njiani.

Enzi ya masultani ilipopungua, muziki nao ulihama. Mwaka 1890 Unguja iliingia katika himaya ya Waingereza, na asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zililipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na tangu siku ile sultani alibakiwa na bendera, heshima na mshahara. Mwaka 1905, katika zama za Sayyid Ali bin Hamud, watu wa mjini wenye mapenzi ya ala walijikusanya wakaunda chama chao wenyewe na kukipa jina la Ikhwani Safaa, jina walilolichukua kwa wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya kumi walioitwa Ndugu wa Usafi. Walichangishana na kuwekeana taratibu, na hapo likatendeka jambo ambalo kwa kasri lilikuwa muhali, nalo ni kuufungua muziki na pumzi za mtu mmoja. Mfalme afapo, wapiga ala wake hutawanyika. Chama hakifi kwa kufa mwanachama, na kwa hiyo Ikhwani Safaa yu hai hata leo, baada ya miaka zaidi ya mia moja. Hata hivyo mlango wake wakati ule ulikuwa mwembamba. Waliopita ni wanaume, tena wenye nasaba au wenye kudai nasaba, na lugha ya wimbo ilibaki ile ile ya kasri. Sharti la kuingia lilikuwa limebadilika, kutoka mwaliko wa mfalme mpaka idhini ya wenzio, lakini wenye kungoja nje walikuwa ni wale wale.

Aliyeugeuza mpango huu hakuwa na nyumba. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, wazazi wake wakiwa katika utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa binti Saad, jina ambalo msomaji wa leo hulisoma kwa uchungu, lakini siku zile lilikuwa maelezo tu ya hali ya mtoto. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ni ufinyanzi. Alikuwa akibeba vyungu kichwani kuvipeleka mjini, akivitembeza mitaani kwa kuvinadi, na wapo wasemao kwamba pumzi zake ndefu alizipata katika kunadi huko, kwani mwenye kuuza vyungu hana budi sauti yake imtangulie mpaka ndani ya nyumba zilizofungwa milango. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1897, lakini sheria huwahi kufika kabla ya staha. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa bado ni mtu wa shamba, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, asiyehesabiwa kuwa na uzuri, na mafunzo yake ya kwanza ya uimbaji wa ala aliyapata kwa mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa; yaani chama kilichomfungia mlango wa mbele ndicho kilichompa elimu kwa mlango wa uani. Baadaye watu walimwita Siti, neno la heshima analoitwa bibi wa daraja, na jina hilo ndilo lililobaki.

Siti binti Saad aliimba kwa Kiswahili. Huenda msomaji akaliona jambo hili dogo, kwa sababu leo hatuwezi kuidhania taarabu bila ya Kiswahili. Lakini tufikiri ni kitu gani kilichotokea pale mwanamke yule, pamoja na wenziwe kina Mbaruk, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban, alipoutwaa muziki wa enzi na kuutia maneno ambayo mpagazi, mpishi, mchukuzi wa karafuu na mwanamke wa uani waliweza kuyafahamu bila ya mkalimani. Muziki ule ule uliokuwa dalili ya kwamba wewe si katika wao, sasa ukawa unazungumza habari zako. Nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji walikokaa walio wengi na wasio na kitu, watu walikusanyika usiku, na yaliyoimbwa hayakuwa mahaba peke yake. Uliimbwa wimbo juu ya mtu aitwaye Kijiti, aliyemwua mwanamke kisha akakimbilia bara, na mahakama, kwa kumkosa mkosaji, ikawatia hatiani wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Ziliimbwa nyimbo juu ya watu waliojua kusoma na kuandika, nao wakaitumia elimu hiyo kuwadhulumu wasiojua. Kwa maneno mengine, mambo ambayo hayakuwa na pahali katika gazeti la serikali, wala katika daftari la hakimu, yalipata pahali katika ubeti, na ubeti ule, kwa kuwa una vina na mizani na una sauti ya kuubeba, ulikwenda kasi kuliko daftari na ukadumu kuliko hukumu.

Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake mpaka Bombay, mji ule ule aliohamishiwa Barghash, kwenda kutiwa sauti katika santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Kampuni haikuwa na shabaha ya kumtetea mtu. Ilitaka kuuza mashine za kupigia santuri katika pwani ya Afrika, na ilitambua kwamba watu hawatanunua mashine isiyosema lugha yao. Lakini biashara, kwa kuwa haiulizi nasaba ya sauti, ilifanya kazi ambayo kasri halikupata kuifanya, maana katika miaka michache sauti ya binti wa mfinyanzi ilisikika katika mikahawa ya Mombasa, Lamu na Dar es Salaam na miji mingi ya bara. Mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, na wakasimama pamoja katika kukataa. Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizowasimamisha. Lakini watu waliozoea kusikia dhulma ikitajwa kwa jina usiku barazani huona ni rahisi zaidi kuitaja kwa jina mchana mbele ya mkusanya kodi. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, aliyekuwa amemjua, alimwandikia wasifu, heshima ambayo katika Kiswahili cha zama zile hakuna sultani aliyeipata kutoka katika kalamu kubwa kama ile.

Hapa sina budi nisimame kidogo, kwani nimefika mahali ambapo hoja yangu yote imetia nanga. Taarabu inayo desturi iitwayo kutunza. Mwimbaji akifika katika ubeti ulioigusa nafsi ya msikilizaji, msikilizaji yule, na aghalabu ni mwanamke, huinuka kitini, akajongea kwa madaha mbele za watu wote, noti mkononi, akaipunga, akamtunza mwimbaji, kisha akarudi alikotoka bila ya kusema neno. Mgeni hudhani kwamba haya ni malipo ya kazi nzuri. La hasha. Huu ni utiaji sahihi. Mwanamke yule ameutwaa ubeti ule, ameutoa katika umiliki wa mtunzi na wa mwimbaji na wa mwenye hafla, na ameufanya kuwa kauli yake yeye, inayomwendea mtu aliyemo au asiyekuwamo katika hadhara ile: mke mwenza, jirani, rafiki aliyekhini, mume anayerudi usiku wa manane. Na jambo hili lawezekana kwa sababu lugha ya taarabu ni lugha ya fumbo. Mtunzi husema jahazi, au ua, au kisima, au ndege aliyeruka tunduni, naye hataji mtu. Msikilizaji ndiye anayetia jina katika nafasi iliyoachwa wazi. Wimbo mmoja uliotungwa kwa kisa kimoja hutumika kwa visa mia, na kila kisa huwa ni cha haki.

Basi nauliza, katika mpango kama huo mwenye wimbo ni nani? Mwenye nyumba aweza kuzimiliki ala, viti na taa. Aweza kulipa mishahara. Aweza hata kuyasoma maneno kabla ya kuimbwa na kuyafuta asiyoyapenda. Lakini maana ya wimbo hutiwa wakati wa kuimbwa, na mtu asiyeajiriwa na yeyote, katika dakika ambayo hakuna karani awezaye kuiweka katika daftari. Kwa hiyo kila taasisi iliyojaribu kuitawala taarabu imejikuta imeshika shina, na matunda yameangukia ua wa jirani.

Jaribio kubwa kupita yote lilikuja baada ya tarehe 12 Januari 1964. Miaka iliyotangulia, ambayo watu wa Unguja huiita zama za siasa, ilikuwa imekwisha kuugawa mji: watu wa chama hiki hawakununua katika duka la mtu wa chama kile, wala hawakuhudhuria arusi zao, na kwa wengine hata maziko yalibaguliwa, na ni muhali kwamba muziki, ambao kwao ni arusini, ungesalimika. Mapinduzi yalipokuja na kuvifuta vyama vilivyosimama juu ya kabila na nasaba, Ikhwani Safaa, ambayo jina lake lilinukia enzi iliyopinduliwa, ilijulikana kwa jina la Malindi, mtaa uliokuwa na tawi la chama tawala, na ikapita miaka mingi kabla ya jina la kale kurejea. Kundi jingine, lililoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana miongoni mwa vijana wa Afro-Shirazi, liliwekwa chini ya wizara yenye kushughulika na utamaduni, na kwa sababu hiyo likaja kuitwa Culture, nao watu wa mjini wakalizoea jina hilo hata hawakumbuki tena kwamba ni jina la idara. Yaangalieni majina haya mawili. Moja liliambiwa lisahau lilikotoka, na la pili likapewa anwani ya ofisi.

Nataka niwe mwadilifu katika kuipima kazi ya wizara, kwa kuwa nimesoma maandishi ya watu walioihukumu kwa wepesi. Serikali ya Mapinduzi ilifungua mlango ambao kasri liliufunga na chama cha mabwana kiliufungua nusu. Mvuvi mwenye kipaji cha fidla aliweza kuingia mazoezini pasi na mtu kumwuliza babu yake ni nani. Mwimbaji wa kike alisimama jukwaani katika sherehe za taifa mbele ya wageni wa nchi. Redio ilichukua taarabu ikaipeleka mashamba ya Unguja na Pemba, ambako zamani kundi la mjini halikupata kufika ila kwa nadra. Na kuhusu mshahara, hata uwe mdogo namna gani, ni kitu cha kumwezesha mpiga udi kulala usiku na kuamka kesho bado ni mpiga udi. Haya ni mema, nami nayashuhudia kwa moyo mkunjufu.

Lakini wizara, kama walivyo wenye nyumba wote, ilikuwa na haja yake, na haja yake ilikuwa kwamba wimbo useme jambo moja, wazi, kwa sauti ya juu, na jambo hilo liwe ni la kuujenga umoja na kuwashukuru viongozi. Haja hiyo haikuwa ya aibu; nchi changa yenye majeraha mabichi ina sababu ya kuogopa mafumbo. Ila ni haja iliyokwenda kinyume na tabia ya taarabu, kwa sababu mahali pasipo nafasi ya kutia jina hapana mtu wa kuinuka na noti. Zilitungwa nyimbo nyingi za namna hiyo, tena na watunzi mahodari, na zikaimbwa kila ilipofika siku kuu. Leo nenda arusini, kaa tangu baada ya isha mpaka alfajiri, utazisikia nyimbo za mapenzi zilizotungwa na watu wale wale katika miaka ile ile, na mabibi vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanazijua kwa moyo beti zote, lakini zile za siku kuu hutasikia mtu akiziomba. Hakuna aliyezipiga marufuku. Zilikosa mwenyewe.

Huko bara mambo yalikwenda njia ya kufanana na hiyo, nami nitayapitia kwa mkato. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuzaliwa kwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa hoja kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa. Katika miaka iliyofuata muziki wa dansi ulipata wenye nyumba ambao sidhani kama wapo katika nchi nyingine nyingi: ukiyataja majina ya bendi za Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 utadhani unasoma orodha ya idara na mashirika, kwani palikuwa na NUTA Jazz ya jumuiya ya wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Polisi, Magereza, Vijana, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa, Bima Lee ya shirika la bima. Ala zilikuwa mali ya mwajiri, hata mwanamuziki akihama huondoka na mikono yake mitupu. Na kwa kuwa Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa na studio, maneno ya wimbo yalipelekwa yameandikwa ili yasomwe kabla ya kurekodiwa. Yaliyosalimika katika usomaji huo yameacha hazina ya nyimbo ambayo sioni mfano wake katika zama zilizofuata, na nadhani sababu yake ni ile ile niliyoitaja: watunzi, kwa kujua kwamba kuna jicho linalosoma, walijifunza upya lile fumbo ambalo pwani ilikuwa nalo tangu hapo, wakaimba habari ya mume mlevi, ya mama mkwe, ya rafiki mnafiki, na kila msikilizaji akajua pa kuielekeza.

Jambo la mwaka 1992 linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia, Chama cha Mapinduzi kilihitaji wasanii wa kukisimamia mbele ya umma ambao sasa ulikuwa na hiari ya kuondoka, na kikundi cha Tanzania One Theatre, kwa ufupi TOT, kikaundwa chini ya uongozi wa Kapteni John Komba. Khadija Kopa, aliyekuwa amekomaa katika Culture huko Unguja, akawa sauti yake kubwa ya taarabu. Na upande wa pili lilisimama kundi la Muungano, likiwa na Nasma Khamis, na baina ya waimbaji hawa wawili yakawa mashindano ambayo mji mzima wa Dar es Salaam uliyafuata kama watu wanavyofuata kandanda. Hapa msomaji atatarajia nimwambie kwamba chama kilimeza wimbo. Yaliyotokea ni mengine. Umati ulijazana kumbini kusikiliza mipasho, yaani ile taarabu ya kumrushia mtu maneno, na wanawake walitunza mpaka jukwaa likajaa noti. Lakini walichokitunzia ni ugomvi wao wa uani, si ilani ya uchaguzi. Chama kililipia taa na vipaza sauti, kikapata kutajwa jina na kusifiwa, na bila shaka kikaona kuwa kimefaidika. Kwa kweli kilikuwa kimekodisha ukumbi kwa watu waliokuwa na mazungumzo yao.

Sasa tumefika katika zama za wafadhili. Zanzibar imepata tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kufanyika Ngome Kongwe, na imepata chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwanzoni mwa karne hii katika jengo la kale la forodha lililoko Mizingani, mahali ambapo mtoto wa mpishi na mtoto wa waziri wamekaa benchi moja wakijifunza kuipiga kanuni, jambo ambalo Barghash hangeliweza hata kuliota. Lakini fedha nyingi za taasisi hizi zimetoka katika balozi na mashirika ya nje, nayo yana miaka yake ya mradi na mipango yake inayobadilika. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba huenda kikafunga milango. Mfalme aliweza kukufukuza, na wizara iliweza kukunyamazisha, lakini kila mmoja wao alikuwa hapo, unajua mlango wake, waweza kwenda kumlilia. Mfadhili wa mbali huondoka bila ya ugomvi, kwa barua ya adabu. Naona katika jambo hili hatari ambayo hatujaizungumza vya kutosha, na naamini serikali inayokusanya kodi za watalii, ambao huja kwa sababu ya sauti hizi na majumba haya, ina deni isilopasa kuwaachia wageni kulilipa.

Na majumba yenyewe je? Beit al-Ajaib, baada ya masultani, ilikuwa ofisi za Waingereza, kisha baada ya Mapinduzi ikawa mahali pa kufundishia itikadi ya Afro-Shirazi, kisha makumbusho. Kila mwenye nguvu alipokuja aliona kwamba haitoshi kutawala mpaka aingie mle. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wakilikarabati, sehemu kubwa ya jumba ilianguka, na watu wawili wakapoteza roho zao. Niliposikia habari ile nilihuzunika kama mtu aliyefiwa, na sijioni kuwa nimezidisha. Hata hivyo katika huzuni hiyo nilimkumbuka Fatuma binti Baraka, ambaye watu walimwita Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 baada ya umri mrefu sana. Ndiye aliyejifunza nyimbo za Siti kwa kusikiliza tu, aliyeimba katika unyago na katika majukwaa ya Ulaya kwa sauti ile ile, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na ambaye katika maisha yake yote alipita katika nyumba za wenye nyumba kama mgeni anavyopita, akila, akiimba, akaondoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika arusi moja Ng'ambo, chini ya yale majumba marefu ya Michenzani. Walikodishwa wapiga ala wachache, mmoja wao mzee wa fidla aliyestaafu kazi ya serikali, na usiku ulipokwisha kuwa mkubwa wakapiga wimbo ambao, kwa nijuavyo mimi, ulitungwa zamani kwa ajili ya sherehe ya taifa, unaomsifu nahodha kwa kukifikisha chombo salama. Nilidhani watu wataendelea na mazungumzo yao. Katika ubeti wa tatu mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa kimya tangu mwanzo, aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatembea polepole kati ya viti mpaka mbele, akaipunga noti yake mara tatu kuelekea upande wa kushoto, ambako walikaa watu wa mume, kisha akaiweka juu ya fidla. Upande wa kushoto wote ukanyamaza. Niliposogea baadaye nikamwamkia shikamoo na kumwuliza kwa adabu kama aliujua wimbo ule ulitungiwa nani, alinitazama kwa huruma. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Ule umetungiwa shemegi yangu." Kisha akaagiza upigwe tena, na mzee wa fidla, asiyeuliza kitu, akakaza uzi wake akaanza.